Mtoto Aliyewahi Kufika

Chuoni tulifundishwa kuandika azimio la kazi, kuandaa andalio la somo, kutengeneza zana kwa maboksi na vizibo vya soda. Tulisoma saikolojia ya mtoto, tukafanya mitihani yake, tukafaulu. Hakuna aliyetueleza mwalimu afanye nini siku mtoto atakapomsogelea na kumwambia jambo ambalo mtu mzima hawezi kulisikia kisha akaendelea na kipindi. Hilo nilijifunzia kazini, katika shule moja ya msingi wilayani Korogwe, mkoani Tanga, katikati ya mashamba ya mkonge. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza, mama wa Kisambaa aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

Watoto wengi wa shule ile walitoka kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba. Wazazi waliondoka alfajiri kwenda kukata mkonge, au waliingia zamu ya korona, ule mtambo unaokwangua majani mpaka zikabaki nyuzi. Wengine walikuwa Dar es Salaam wakitafuta maisha. Akina mama kadhaa walikuwa Omani wakifanya kazi za nyumbani, watoto wamewaacha kwa bibi, kwa shangazi, kwa baba mdogo, au kwa jirani aliyeahidi kuwaangalia. Walezi hao wengi wao ni watu wema, tena wanaojinyima ili mtoto wa mwenzao ale. Ila nyumba yenye watu wengi wanaoingia na kutoka humpa nafasi mwenye nia mbaya, na mara nyingi mtu huyo si mgeni. Anaitwa mjomba, anaitwa babu, jioni anakaa mkekani na wenzake na kusimulia habari za mpira.

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yalifurika. Darasa langu la tano lilipita watoto 100. Nilimuuliza yule mama nitamjuaje kila mmoja wao, naye akanionyesha kitabu cha mahudhurio.

“Usiite majina kama karani anayelipa mishahara, mwanangu. Ita, halafu subiri umwone anayeitika.”

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa ndilo msingi wa kazi yote hii. Usimtafute mtoto mwenye huzuni, alisema, kwa kuwa wapo wengi na huzuni ina sababu nyingi. Mtafute mtoto aliyebadilika. Mchangamfu aliyenyamaza ghafla, mpole aliyeanza kupigana, aliyekuwa akipata 80 akashuka hadi 20, anayesinzia kila Jumatatu. Nawe huwezi kujua kwamba amebadilika ikiwa hukujua alivyokuwa. Ndiyo maana Januari nzima alikuwa akiwatazama tu watoto wake wapya: nani anakula na nani, nani anamkimbilia nani, nani akiguswa begani anashtuka.

Binti ninayemkumbuka hakuwa mtoro. Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili asitambulike, lakini hili ni kweli: alianza kufika shuleni kabla jua halijatoka, kabla hata ya mwalimu wa zamu. Tulikuwa tukimkuta ameshafagia darasa na kumwagilia bustani, ingawa zamu yake ilikuwa siku moja tu kwa wiki. Kengele ya kutoka ikilia wenzake walitimka, yeye akabaki akinyoosha mistari ya madawati. Asubuhi moja mstarini alisifiwa mbele ya shule nzima, ikasemwa kwamba huyo ndiye mfano wa kuigwa, na watoto wakapiga makofi. Yule mama hakupiga. Tulipoingia ofisini alinivuta pembeni akasema, “Hakuna mtoto anayependa ufagio kiasi hicho. Huyo hapendi kurudi kwao.”

Nimehudhuria semina nyingi tangu wakati huo, na karibu zote hutaja dalili zinazotusumbua sisi walimu: utoro, ukaidi, matokeo mabaya. Mtoto anayetupunguzia kazi huwa hatumtazami mara ya pili. Ananyamaza, anatii, anafagia, nasi tunamsifu kwa malezi bora ya kwao.

Hatukumwita ofisini. Ofisi ya walimu ni mahali ambapo mtoto huitwa kwenda kuadhibiwa, na akishavuka kile kizingiti tayari anajitetea moyoni. Nilianza kuwahi na mimi, nikashika ndoo, nikamwagilia mchicha pamoja naye, na mazungumzo yetu yakawa ya huo mchicha na wadudu wake. Mtoto huona wepesi kusema akiwa na kazi mkononi na hakuna anayemkodolea macho. Siku aliyosema, alikuwa amenipa mgongo. Alisema kuwa mlezi wake akiwa zamu ya usiku, kuna mtu mzima wa nyumba ile huja anapolala. Akamtaja. Kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Kwa bahati njema yule mama alikuwa ameniandaa kwa dakika ile. Usipige yowe, kwa sababu mtoto akiona umeogopa atadhani amefanya kosa kubwa. Usimuulize kwa nini hakusema mapema. Ndani ya swali hilo mna lawama. Usimhoji kama askari, maana kila swali la ziada linaweza kumtilia maneno kinywani, na kesho wakili atalishikilia hilo. Mwambie unamwamini. Mwambie kosa si lake. Na usimwahidi kuficha, kwa kuwa ahadi hiyo huwezi kuitimiza, na mtoto aliyesalitiwa na mtu mmoja hastahili kusalitiwa na wa pili. Nilimwambia, “Sitaweza kunyamaza, mwanangu, kwa sababu nataka jambo hili likome. Ila popote litakapofika, nitakuwepo.” Alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama nitapanda naye gari. Nilimjibu kuwa nitapanda.

Walio nje ya kazi yetu hudhani mwalimu ana hiari hapo. Hana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mbakaji mwanamume anayeingiliana na binti aliye chini ya miaka 18 ambaye si mkewe, awe amekubali au hakukubali. Kifungo chake hakipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Jirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi kwa upande wa walimu: waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu aliyejua au kushuku unyanyasaji wa kingono wa mwanafunzi atoe taarifa ndani ya saa 24, na asipofanya hivyo naye anachukuliwa hatua. Naupenda waraka ule kwa sababu unaitaja saa. Kwetu neno “haraka” limebeba watu wengi mpaka wiki ya pili.

Na saa zina maana yake hospitalini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwili hupotea kila mtoto anapooga. Mwalimu mkuu wetu alilijua hilo. Hakuitisha kikao. Alipiga simu kwa ofisa ustawi wa jamii, akaandika taarifa fupi kwa maneno ya mtoto mwenyewe bila kuyapamba, akatoa nauli. Tulikwenda watatu: mimi, mtoto, na yule mama wa darasa la kwanza. Kituoni tulipelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, kwa askari wa kike aliyevuta kiti akakaa upande uleule wa meza aliokaa mtoto. Tukapewa fomu ya polisi ya PF3, tukaenda hospitali. Siku hizi baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, askari na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja. Sisi tulizunguka mji mzima kwa bodaboda, na kila dirisha lilitaka mtoto aeleze upya. Nilielewa siku hiyo kwa nini familia nyingi hukata tamaa katikati ya safari.

Mtuhumiwa alipokamatwa, ndipo kazi ngumu ilipoanza. Wazee walikuja shuleni wakiwa wamevaa vizuri, na mmoja wao alikuwa mtu ninayemheshimu hadi leo. Tuliwaamkia, wakaitika, wakakaribishwa viti. Walisema wamekuja kwa heshima. Jambo limetokea, ni baya, hakuna anayelitetea. Lakini ni la ndani, na kijana amekiri mbele ya ukoo, yuko tayari kutoa mbuzi na fedha za kumtunza mtoto. Kwa nini watu wagombane? Siri ya mtungi aijuaye kata, alisema mmoja wao.

Mwalimu mkuu aliwasikiliza mpaka mwisho. “Wazee wangu,” alisema, “huyu si mtungi, ni mwanafunzi wangu. Na kesi si ya kwangu wala ya kwenu, ni ya Jamhuri. Hata mama yake mzazi hawezi kupokea fedha akaifuta kesi hii.”

Nayaandika maneno hayo kwa makusudi, maana kumalizana kifamilia ndiko kunakoua kesi nyingi za watoto kuliko ukosefu wa sheria. Mlezi anapewa chochote, shahidi anasahau, mtoto anahamishiwa kwa ndugu wa mbali, na siku ya kusikilizwa kesi hakuna anayetokea mahakamani. Wanaofanya hivyo si wakatili wote. Wengine wanaogopa njaa, kwa sababu mtuhumiwa ndiye aliyekuwa akileta unga. Wengine wanaamini kwa dhati kwamba amani ya ukoo ni kitu kikubwa, na ni kikubwa kweli. Ila amani ile hununuliwa kwa mtoto, na yeye peke yake hakuulizwa bei. Mwalimu ana nafasi ambayo ndugu hana: hali unga wa nyumba ile, hatawaliwi na ule ukoo, mshahara wake unatoka kwingine. Anaweza kusimama pale ambapo shangazi angependa kusimama akashindwa. Sisemi haumii. Sisi tulitengwa kidogo kijijini. Kuna misiba tuliyokwenda tukakaa peke yetu. Lakini hatukukosa mahali pa kulala, na shangazi, mlezi wa mtoto, angekosa.

Vitabu vya shule vilikuja kutufaa kwa namna nyingine. Umri wa mtoto ni jambo linalotakiwa kuthibitishwa mahakamani, na kambini watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Rejista ya uandikishaji ilikuwapo, imeandikwa na mwalimu ambaye hakujua itasomwa wapi. Mama mzazi alirudi kutoka Omani baada ya kupata habari. Hakukubali mbuzi. Alikaa kwenye benchi la mahakama kila kesi ilipotajwa, hata ilipoahirishwa tena na tena. Mtoto alitoa ushahidi faraghani. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto wa umri mdogo anaweza kuahidi kusema kweli bila kula kiapo. Tena, hakimu akiridhika kwamba anasema kweli, neno lake pekee linaweza kutosha kumtia mtu hatiani katika makosa ya kujamiiana. Alisema kweli, na mtu yule akafungwa.

Habari za gazetini huishia hapo. Kwa mwalimu ni katikati. Jumatatu ilifuata, na mtoto alirudi darasani kwenye watoto wanaojua, wenye wazazi wanaojua. Mwalimu mkuu aliweka sharti kwamba jambo lile halizungumzwi ofisini, hata kwa huruma, kwani huruma ya walimu hutoka dirishani na kuwafikia watoto kabla ya kengele. Faili lilifungiwa kabatini. Sikumhamisha dawati, sikumpa upole wa pekee mbele ya wenzake. Nilimrudishia madaftari yake yenye alama nyekundu kama ya wengine. Baadaye niligundua kwamba hilo ndilo alilolihitaji zaidi: mahali pamoja duniani ambapo yeye ni mtu aliyekosea swali la sehemu, basi. Ikapita miezi, na asubuhi moja akachelewa. Alikuja mbio na wenzake wawili, sketi ina vumbi, wanacheka. Mwalimu wa zamu, mgeni pale, alitaka kuwapigisha magoti. Yule mama alimwomba awaache waingie darasani.

Najua watakaosema kwamba nawapamba walimu. Siwapambi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wametendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huohuo uliwauliza vijana kuhusu kupigwa, na walimu walitajwa na takriban nusu yao. Tumo katika orodha. Wapo pia wenzetu wachache wanaomwita binti wa darasa la saba akawapelekee madaftari nyumbani jioni, na kila mtu katika nyumba za walimu anajua, na kila mtu anasema tusiharibu kazi ya mwenzetu. Kunyamaza huko ni kumalizana kifamilia vilevile, isipokuwa ukoo wenyewe ni sisi. Siku hizi iko Tume ya Utumishi wa Walimu ya kupelekewa mashauri ya nidhamu, na kosa kama hilo ni la polisi kabla ya kuwa la Tume. Mwalimu anayemficha mwenzake hana sauti ya kuwaambia wazee wa kijiji chochote.

Na kuhusu fimbo nina neno, ingawa najua litawakera baadhi ya wenzangu. Kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Tunajua jinsi zinavyofuatwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mkoani Kagera alikufa baada ya kupigwa shuleni akituhumiwa wizi, na nchi nzima ikashtuka. Lakini hata fimbo isiyoua ina gharama. Mtoto anayechapwa kwa kuchelewa hatamwambia mchapaji kwa nini alichelewa. Anayechapwa kwa kutofanya kazi ya nyumbani hatasema kwamba taa ilizimwa na nani. Kila kiboko kinafunga mlango ambao siku moja tungehitaji uwe wazi. Yule mama aliwahi kuniambia kwamba aliacha fimbo alipohesabu watoto waliowahi kumweleza siri zao, akaona wote ni wale ambao hajawahi kuwachapa.

Wavulana tunawasahau kabisa. Katika utafiti ule wa 2009, kati ya waliotendewa ukatili wa kingono, nusu hivi ya wasichana walikuwa wamewahi kumwambia mtu. Kwa wavulana ilikuwa kama theluthi tu. Sishangai. Niliwahi kufundisha mvulana aliyeanza kujikojolea darasani akiwa na miaka 11, na ilikuwa rahisi sana kwa kila mtu kumcheka. Mwanamume halii, tunawaambia, halafu tunategemea aje kulia kwetu. Alisema mambo yake kwa mwalimu wa michezo, wakishona mpira, na mwalimu yule naye alijua pa kupeleka.

Kuna pia barabara. Kutoka kambini hadi sekondari ya kata ni mwendo mrefu, na kuna vijana wa bodaboda wanaotoa lifti ya bure Jumatatu na chipsi Ijumaa. Mabinti wengine hupangishiwa geto karibu na shule, watatu katika chumba kisicho na mtu mzima. Mwalimu hawezi kumfuata kila mtoto njiani. Anachoweza ni kuuliza mapema: unakuja na nani, unalala wapi, nani anakupikia? Maswali haya huchukua dakika chache mwanzoni mwa muhula, na majibu yake huandikwa. Ubaoni kwetu tumeandika pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, na watoto wanaijua kama wanavyojua jedwali la kuzidisha. Mmoja aliuliza kama inapigika bila salio. Inapigika.

Serikali imeelekeza shule ziwe na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, na kwetu limeanzishwa, wenye jukumu hilo wakiwa walimu wawili waliochaguliwa kwa kura za watoto wenyewe. Kura zilitushangaza: waliochaguliwa hawakuwa wale ambao sisi tungewateua. Tatizo letu sasa ni chumba. Katika shule yenye watoto zaidi ya 1,000 hakuna mahali ambapo mtoto anaweza kusema jambo bila kusikiwa. Tunatumia stoo ya madawati mabovu, na mwalimu wa kiume hawezi, wala hapaswi, kujifungia humo na mtoto. Tumeiomba kamati ya shule chumba kidogo chenye dirisha kubwa la kioo linaloelekea uwanjani, ili maneno yasisikike nje lakini wote wawili waonekane, mtoto alindwe hata dhidi yetu. Wazazi wamefyatua matofali wakati wa kiangazi. Halmashauri imeahidi mabati, na kioo tumeshakilipia.